Shajara ya mradi: mto unaotikisika na miti ya ukingoni Tana

Februari, mto uko chini

Naanza kuandika ili nisipoteze nilipofika, maana huu mradi umekaa kichwani muda mrefu na kichwa hakina bekapu. Swali lenyewe ni hili: ukitoka majini pale Tana ukapanda ukingo, kwanza unakuta mchanga mtupu, halafu matete na vichaka, halafu mikuyu na mikindu na msitu wa maana kabisa, halafu msitu unakatika na uko kwenye miiba ya nyika. Nani amechora hiyo mistari? Kila mtu atakwambia maji. Sawa, lakini maji yapi?

Maana kila ripoti ya mto ukiifungua inaanza na wastani. Tana pale Garissa inapitisha kama mita za ujazo 150 kwa sekunde, basi, wanaendelea na mambo mengine kana kwamba mto huwa unakaa hapo. Haukai hapo. Miaka ya ukame kuna sehemu watu wanavuka kwa miguu wakimuomba Mungu mamba awe ameshiba, na mwaka mwingine mwezi wa tano mto uko ndani ya mahindi ya watu. Hiyo 150 ni mahali mto unapapitia tu ukiwa unapanda au ukiwa unarudi.

Ndo nataka nijenge simulesheni ndogo kwa Python, mto wa kubahatisha upande mmoja, mmea upande wa pili, nione wenyewe wanachora mistari gani. Nimechagua Tana kwa sababu ndo mto ninaoujua na pia kwa sababu unafaa kweli: huku chini, Garissa hadi Hola hadi Garsen, mvua ni ya nyika, haiwezi kulisha msitu. Msitu wote ule umeshikiliwa na mto, na maji yenyewe yamenyesha mbali sana, Mlima Kenya na Nyandarua. Hapa unaweza kuona kazi ya mto bila mvua ya palepale kukuchanganya.

Machi, kutengeneza mto wa uongo

Data ya zamani ya Garissa ipo lakini ina mapengo, na hata ingekuwa kamili bado ningetaka mto wa kubuni, kwa sababu mto wa kweli huwezi kuuambia "badilisha kitu kimoja tu, vingine viache". Wa kubuni unauambia.

Nimeufanya hivi. Kila mvua kubwa huko milimani inatupa pigo moja la maji mtoni. Siku ya pigo ni bahati nasibu (Poisson, kwa wanaojua), ukubwa wake pia bahati nasibu, mengi madogo na machache makubwa. Baada ya pigo mto unashuka kila siku kwa asilimia ileile mpaka pigo lingine lije. Basi, hiyo tu, mistari michache ya skripti. Kuna vitasa viwili vya kuzungusha: mapigo yanakuja mara ngapi, na mto una kumbukumbu ya siku ngapi, yaani pigo moja linachukua muda gani kuisha makali.

Kinachonifurahisha ni kwamba hesabu yake imenyooka. Ukiuacha mto huo ukimbie miaka mingi ukachora histogramu ya mtiririko, unapata mkunjo uitwao gamma, ulioegemea upande mmoja na wenye mkia mrefu upande wa maji mengi, na mtikisiko wake (naita hivo mkengeuko sanifu, yaani mto kwa kawaida unaachana na wastani kiasi gani, ukigawanya kwa wastani) unategemea kitu kimoja, mapigo mangapi yanaingia ndani ya kumbukumbu moja. Pigo moja kwa kila kumbukumbu, mtikisiko ni 1. Mapigo manne, mtikisiko ni 0.5. Mapigo mengi sana, mto unakuwa mpole kama bomba. Wastani nimeufunga kwenye 150 siku zote, hausogei.

Misimu bado sijaweka. Najua masika na vuli, nitakuja huko.

Bado Machi, sasa mmea

Hapa sikubuni kitu, nimefuata Waitaliano wawili, Carlo Camporeale na Luca Ridolfi, waliotoa modeli yao 2006. Wazo lao nalipenda kwa sababu halina mapambo. Chukua kipande kimoja cha ukingo kwenye urefu fulani juu ya mto. Maji yakiwa chini yake, mmea unakua, haraka mwanzoni halafu polepole ukikaribia ukubwa ambao pale panaweza kubeba. Maji yakipafunika, mmea unapungua: mizizi inakosa hewa, tope linaufukia, mkondo unaung'oa. Kwa hiyo mmea unaishi maisha ya swichi, imewashwa, imezimwa, imewashwa, na anayebonyeza swichi ni mto wa bahati nasibu.

Ukikaa na hiyo kitu na kalamu kabla ya kukimbilia kompyuta, inatoa jibu moja safi sana. Mmea unabaki pale ikiwa unachokua muda wa ukavu kinazidi unachopoteza muda wa maji. Tuseme maji yanaharibu kwa kasi mara kumi ya kasi ya kukua. Basi mmea unavumilia kufunikwa sehemu moja kati ya kumi na moja ya muda, ambayo ni kama siku 33 kwa mwaka. Chini ya mstari huo hakuna kitu kitakachokaa, juu yake msitu unaanza.

Sasa huo mstari uko wapi? Hapa ndo utamu. Mto usiotikisika kabisa, mstari uko palepale kwenye 150, maji yanaishia hapa na msitu unaanza hapahapa, hakuna ufuo. Mtikisiko wa 0.5, mstari unapanda hadi kiwango cha mtiririko wa kama 256. Mtikisiko wa 1, unafika 360. Na kumbuka wastani ni uleule! Maji yaleyale kwa mwaka, tone kwa tone, na msitu umerudishwa nyuma mpaka mtiririko wa zaidi ya mara mbili ya wastani.

Kuugeuza mtiririko uwe urefu nimetumia kanuni ya kawaida ya mkondo mpana, kina kinakua kwa mtiririko uliopandishwa kwenye 3/5. Nikidhania kina cha mita 3 kwenye 150, mistari mitatu inakuwa mita 3, mita 4.1 na mita 5.1. Kwenye ukingo unaopanda mita moja kila mita ishirini, tofauti kati ya mto wa bomba na mto wa mtikisiko 1 ni kama mita 40 za ardhi. Mita 40 za mchanga na matete ambazo zipo kwa sababu ya kutikisika tu, ukiangalia wastani peke yake hutajua kamwe zilitoka wapi.

Nilimuonyesha jamaa yangu wa takwimu akaniambia "lakini hiyo ni wazi, si mafuriko tu." Ndiyo ni mafuriko, lakini wewe uliwahi kusoma ripoti ya mazingira ya mto ikaanza na mafuriko badala ya wastani?

Aprili, umeme

Stima imekuwa ikipotea jioni ndo wakati wangu wa kazi. Nimeandika upya sehemu ya kuchora grafu, hakuna jipya la kusema.

Baada ya masika, ukingoni

Nilishuka hadi kwa mjomba, shamba lake liko chini ya Hola kuelekea Wenje, ukingo wa ndani wa kona ya mto ambapo mchanga hujazwa, ng'ambo ya pili mto unakula shamba la jirani kila mwaka. Mto ulikuwa umejaa ukamwaga kidogo, sasa unarudi. Nilimwambia nataka kuona miche inaota wapi, akaniangalia kama nimetumwa na serikali, halafu akachukua panga tukashuka.

Karibu na maji hakuna kitu, mchanga mbichi na nyayo za ndege. Ukipanda hatua chache kuna ukanda mwembamba wa miche, upana wake hatua mbili kama si pungufu, unaenda sambamba na maji umbali wote unaoweza kuona, yote kimo kimoja, utadhani kuna mtu alipiga kamba akapanda. Mingi ilikuwa popla ya Tana, ile Populus ilicifolia, ndugu wa popla za Ulaya na Marekani ambaye makazi yake ni mito michache tu ya Afrika Mashariki. Wazee wanaijua kwa mitumbwi na mizinga ya nyuki. Juu ya ukanda huo kulikuwa na ukanda mwingine, wa miche iliyokauka, bado imesimama lakini ukiigusa inavunjika.

Mjomba alichimba mche mmoja hai na ncha ya panga, taratibu. Juu ya mchanga ulikuwa na majani machache, haufiki urefu wa kidole. Chini mzizi ulikuwa mmoja, umenyooka bila kujigawa, mrefu mara kadhaa ya mche wenyewe, na ncha yake nyeupe ilikuwa palepale mchanga unapobadilika rangi kuwa wa unyevu. Halafu akachimba uliokufa. Mzizi pia ulikuwa mrefu, lakini ncha iliishia kwenye mchanga mkavu, na unyevu ulikuwa chini zaidi.

"Huu maji yaliukimbia," akasema.

Nikamuuliza na miembe yake ile ya pembeni, mbona mikubwa iko sawa na midogo imekufa, mafuriko si yalikuwa yaleyale.

"Mwanangu, maji ya wiki moja mwembe mdogo unavumilia. Mwaka ule yalipokaa mpaka mwezi wa sita, nikiona tu majani yameanza manjano najua huo basi. Mto kuja kila siku si neno. Neno ni ukikataa kurudi."

Hilo nimeliandika kwenye simu palepale kwa sababu modeli yangu kwa sasa haijui kabisa kitu kama hicho. Kwangu mimi siku 33 ni siku 33.

Juni, kumbukumbu ya mto

Nimekaa na neno la mjomba. Kwenye modeli jinsi ilivyo, ukizungusha vitasa viwili pamoja, mapigo yawe machache lakini kila moja lidumu, mtikisiko unabaki 1 na mstari haujisogezi hata kidogo. Hesabu inasema hivo na simulesheni inakubali. Lakini angalia kinachotokea pale mstarini. Mto wenye kumbukumbu ya siku 5 unafunika pale mahali kama mara 16 kwa mwaka, siku mbili mbili. Mto wenye kumbukumbu ya siku 40 unafunika mara 2 kwa mwaka, siku kama 17 kila mara. Jumla ni ileile, 33. Mto wa kwanza ni wa kijito cha mlimani, wa pili ndo unafanana na Tana yetu, masika moja, vuli moja.

Kwa mmea wa modeli hiyo tofauti ni ya kutikisika kwa ukubwa tu: mto wa haraka mmea unakaa saizi ileile karibu siku zote, mto wa polepole mmea unanenepa na kukonda. Hakuna anayekufa, kwa sababu kwenye hesabu mmea hata ukibaki sehemu moja ya milioni unaweza kurudi. Mwembe hauwezi hivo. Kwa hiyo nimeongeza sheria ya mjomba: maji yakikaa juu ya mmea siku 30 mfululizo, umekufa, anza na mbegu.

Mambo yakabadilika papo hapo. Mto wa haraka haukugusa sheria kabisa, siku 30 mfululizo karibu hazitokei. Mto wa polepole unafyeka ule ukanda kila baada ya miaka michache, na mstari wa miti mikubwa unapanda juu zaidi ya 360. Lakini huohuo mto muuaji ndo una mapumziko marefu. Kati ya mafuriko na mafuriko mto wa haraka unatoa wastani wa wiki tatu, mto wa polepole unatoa miezi mitano na nusu. Mche wa wiki tatu hauna mzizi wa kukusaidia chochote, wa miezi mitano una nafasi. Kwa hiyo mtikisiko peke yake haukuambii hatima ya ukingo, lazima useme pia mto unakumbuka siku ngapi, na sijui kwa nini namba hii ya pili haiko kwenye majedwali ya mito tunayopewa.

Julai, mabwawa

Siwezi kuandika kuhusu Tana nikakwepa mabwawa. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Lililobadilisha mto kweli ni Masinga kwa sababu ndo ghala, linabeba kama mita za ujazo bilioni 1.56, mengine mengi yanapitisha tu. Bwawa la umeme haliibi maji mengi hivo (ukiacha mvuke na umwagiliaji), linachoiba ni mtikisiko. Kilele cha masika kinakatwa, kiangazi kinajazwa kidogo. Wastani unakaribia kubaki palepale, na mtu anayeangalia wastani atakwambia mto uko salama.

Nikachukua modeli nikashusha mtikisiko kutoka 1 hadi 0.5. Mstari wa msitu unashuka mita moja kuelekea majini. Kwa haraka unafurahi, si miti imeongezeka? Huko Marekani ndivyo ilivyotokea mto Platte, maji yalipodhibitiwa miti ikaingia kwenye mchanga na mkondo ukawa mwembamba. Kwenye korongo la Colorado, baada ya bwawa la Glen Canyon kuanza kuzuia maji 1963, vichaka vya kigeni vya tamariski vilijaza sehemu ambazo zamani mafuriko yalikuwa yakizikwangua kila mwaka, hadi Machi 1996 wakaamua kufungulia maji kwa makusudi, kama mita za ujazo 1,270 kwa sekunde kwa wiki nzima, mafuriko ya kutengeneza, ili kujaribu kurudisha mchanga.

Lakini Tana si Platte. Msitu wetu mkubwa uko juu, kwenye matuta ya zamani na kando ya mikondo iliyoachwa, na ulikuwa ukinyweshwa na yale mafuriko yanayomwagika nje ya kingo. Francine Hughes aliupima msitu huu miaka ya 1980 na akaonyesha jinsi aina za miti zinavyojipanga kulingana na urefu na mafuriko, miti ya kutangulia kwenye mchanga mpya, ya kukaa kwenye udongo mzito wa juu. Sasa ukikata vilele, mstari wa chini unashuka lakini upande wa juu maji hayafiki tena. Mti mzima hauwezi kushuka mita moja ukajipanga upya. Unabaki juu, mizizi mirefu inaushikilia miaka, lakini chini yake hakuna watoto. Na ile sehemu mpya huko chini nani anaifikia kwanza? Kaunti hii jibu unalijua, mathenge, ule mti wa kigeni wa miiba (Prosopis). Popla inataka mchanga uliosafishwa na mafuriko kisha maji yanayorudi taratibu, mathenge inataka mbuzi mmoja ale maganda yake apite hapo.

Ndani ya huo msitu kuna mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, aina mbili za kima ambao hawapatikani kwingine duniani, hifadhi yao iliwekwa 1976. Wanakula mikuyu na mikindu. Siwaweki kwenye modeli, lakini ndo maana sioni kama huu ni mchezo wa grafu.

Kuna mtu ataniambia mafuriko bado yapo, mwisho wa 2023 Garissa ilifunikwa, 2024 tena. Ni kweli, na 2018 vilevile. Bwawa linameza mafuriko ya kawaida, yale ya kila mwaka au miaka miwili. Yale makubwa kabisa yanakuta limejaa na yanapita juu. Kwa hiyo kinachobaki ni mto mpole wenye vishindo vya nadra, na huo si mto wa gamma hata kidogo, mkia wake umenona na katikati imebanwa. Watu wamekwisha kulima hadi ukingoni kwa sababu ya upole, halafu kishindo kinakuja.

Julai mwishoni, sheria ya mche

Nimerudi kwenye ule mzizi. Wakanada John Mahoney na Stewart Rood walifanya kazi na popla za huko kwao na 1998 wakaandika kwamba mche unavumilia maji yakishuka kama sentimita 2.5 kwa siku, mzizi unafukuzana nayo. Yakishuka kwa kasi zaidi unaachwa. Popla ya Tana ni mti mwingine na joto ni lingine, lakini nimeichukua kama kitu cha kuanzia mpaka nipate vipimo vya hapa.

Kwenye mto wangu kasi ya kushuka inatoka moja kwa moja kwenye kumbukumbu, hakuna parameta ya ziada, nimefurahi. Kina kinashuka kwa 3/5 ya asilimia ambayo mtiririko unashuka nayo kila siku. Kwenye kina cha mita 4, kumbukumbu ya siku 40 inamaanisha sentimita 6 kwa siku, haraka mno. Ili ufike 2.5 unahitaji kumbukumbu ya siku 96. Kumbukumbu ya siku 5? Karibu nusu mita kwa siku, sahau. Ina maana mche haupati nafasi kwenye mto unaoshuka peke yake, unapata pale pigo jingine dogo linapokuja katikati likapunguza mwendo bila kufunika mche. Bahati ya kupangika kwa mapigo. Na hilo linaelezea ule ukanda wa hatua mbili vizuri kuliko nilivyotegemea: juu yake maji yalikimbia, chini yake pigo dogo lilifunika, katikati tu ndo paliangukiwa na mpangilio. Mwaka mwingine ukanda utakuwa kwingine, au hautakuwepo.

Mabwawa kwa upande huu yanaweza hata kusaidia, ukitaka. Milango ya maji inafungwa na mtu, na mtu anaweza kuamua kushusha taratibu baada ya masika badala ya kukata ghafla kwa sababu ya ratiba ya umeme. Na kama lile bwawa la High Grand Falls linalozungumzwa kila mwaka litajengwa, hiki ni kitu cha kuuliza kabla saruji haijamwagwa.

Agosti, ninachofanya sasa

Misimu imeingia: mapigo ni mengi Aprili hadi Juni na Oktoba hadi Desemba, machache kwingine, wastani bado 150. Mstari wa chini haujasogea sana, ila miche sasa inafanikiwa zaidi mwisho wa masika kuliko mwisho wa vuli. Nahitaji kukimbiza miaka elfu kadhaa kabla sijaliamini.

Foleni iliyobaki: bwawa linalomeza mapigo hadi lijae kisha linapitisha, si kushusha mtikisiko kwa mkono kama nilivyofanya. Mmea wa pili mwenye sheria za mathenge. Na mjomba ameahidi kuniwekea vijiti vitatu kwenye mchanga, kila kijiti na alama za sentimita, amenitaka nimletee rangi isiyofutika na maji na vocha ya kunitumia picha.